Land Rover 109 ya babu inazima kwenye sailensi (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) ikishapata moto. Ninunue kabureta mpya?

#1 Mjukuu wa Ujiji

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, injini ile ya 2.25, silinda nne. Ilikuwa ya babu. Alipofariki ikakaa chini ya mwembe Ujiji miaka sita, kuku wakawa wanataga siti ya nyuma. Mwezi wa tatu nikaivuta hadi Mwanga, nikamwaga mafuta ya zamani, nikaosha tangi, nikafunga betri, plagi mpya na pampu mpya ya mafuta. Ikawaka. Mtaa mzima ulitoka kuangalia.

Sasa shida. Asubuhi inawaka vizuri, hata choki sivuti. Ikikimbia haina tatizo, kutoka bandarini kupanda Mwanga inavuta kama trekta. Ila ikishapata moto, nikisimama tu inaanza kutetemeka, inamisi, inazima. Pale njia panda ya Mwanga najikuta mguu mmoja uko kwenye breki na moto kwa pamoja, bajaji nyuma zinanipigia honi. Harufu ya petroli ndani ya gari haiishi. Na breki yenyewe siku hizi ngumu, ila hiyo nitaiuliza siku nyingine.

Fundi wa kwanza alifungua kabureta (Zenith), kile kichanganyio cha petroli na hewa, akaiosha, akapuliza, akafunga. Ikazidi kuwa mbaya. Wa pili amezungusha skrubu mpaka tumechoka. Kitu cha ajabu, ile skrubu ya hewa ukiifunga yote au ukiifungua raundi nne, injini haibadiliki. Wote wawili wanasema kabureta imekufa, nitafute nyingine. Nimeulizia Gerezani Dar, bei wanayotaja inaniumiza kichwa. Nisaidieni kabla sijatuma hela.

#2 Tanuru

Toa hiyo injini weka 3L ya dizeli ya Toyota, uishi kwa amani. Babu atakuelewa.

#3 504 Haizeeki

Tanuru wewe kila uzi ni 3L, hata mtu akiuliza ya mashine ya kusaga utamwambia 3L.

Mkuu, mimi Peugeot yangu ilinisumbua hivyo hivyo mwaka mzima. Ilikuwa ile shafti inayozungusha kipepeo cha kabureta. Imelika, ukiishika kwa vidole inacheza juu chini, hewa inapita pembeni. Ukikanyaga mafuta huioni shida kwa sababu hewa ni nyingi hata hivyo, ila kwenye sailensi, ambapo injini inataka kijiko tu, ule upenyo mdogo unaharibu kila kitu. Nilipeleka kwa mchonga vyuma akatengeneza bushi za shaba. Cheki hapo kwanza.

#4 Baba Spana

Mwangaluka wana Kigoma. Niko Tabora, nimestaafu, ila hizo 109 nimezila ujana wangu wote. Tuliziendesha Sikonge, Urambo, Kaliua, hadi ng'ambo ya Malagarasi kabla barabara haijawa barabara.

Mjukuu, marahaba. Umeandika vizuri kuliko mafundi wako walivyosikiliza. Kuna neno moja umelitaja ukapita haraka: asubuhi inawaka bila choki. Injini ya petroli ya zamani ikiwa baridi inataka mafuta mengi, ndiyo kazi ya choki. Ikiwaka bila choki, maana yake mafuta mengi tayari yanaingia bila kuombwa. Ikiwa baridi inafurahi, ikipata moto inapaliwa. Kwa hiyo kuna mafuta ya ziada mahali. Shika hilo.

La pili: skrubu ya hewa kutokuwa na kazi. Jina hilo linadanganya, kwenye Zenith hiyo ukikaza unapunguza mchanganyiko wa mafuta, hukazi hewa. Ikifungwa yote na injini bado inanguruma, mafuta yanapita mlango mwingine. Ama skrubu ya sailensi imekazwa mno, kipepeo kiko wazi, injini inanyonya kwenye njia ya mwendo badala ya njia ya sailensi. Ama kuna kinachovuja ndani ya kabureta yenyewe. Nahisi una vyote viwili.

Lakini usifungue kabureta. Narudia, usifungue. Robo tatu ya kabureta zilizoletwa mezani kwangu zilikuwa zimesingiziwa. Fanya hivi kwanza, kwa mpangilio huu, maana kila hatua inategemea iliyotangulia:

Tepeti, yaani nafasi za valvu, milimita 0.25 zote, za kuingiza na za kutoa. Ukisahau ipi ya kurekebisha tumia hesabu ya tisa: valvu ya 1 ikiwa imekandamizwa mpaka chini rekebisha ya 8, ya 3 ikiwa chini rekebisha ya 6, ya 2 ikiwa chini rekebisha ya 7. Namba mbili zikijumlishwa zilete tisa, basi.

Halafu pointi (zile zinazokata umeme wa cheche) kwenye distribyuta, kigawa umeme wa plagi, upenyo kati ya milimita 0.35 na 0.40. Angalia na waya za plagi, silinda ziwake kwa mpangilio wa 1-3-4-2, usicheke, nimeshaona mtu anabadilisha kabureta mbili kumbe waya mbili zimepishana. Kisha taimingi, wakati wa cheche kutoka. Kisha ndiyo tuwinde hewa inayovuja. Kabureta ni mwisho.

Toa plagi zote nne, zipange kwa namba, utuambie rangi.

#5 Mjukuu wa Ujiji

Mwakeye mzee wangu, asante sana. Plagi: zote nyeusi, masizi makavu ukigusa yanatoka mkononi. Ya tatu ina unyevunyevu wa oili kidogo.

Tepeti mbili zilikuwa zimebana, nimeweka 0.25. Pointi fila geji ya 0.6 ilikuwa inapita kama iko kwao! Nimeweka 0.38. Waya ziko sawa. Nimewasha, kumisi kumepungua nusu, ila kuzima iko pale pale.

Shafti ya kipepeo nimeicheki kama alivyosema 504, inacheza kidogo sana, kama unywele.

#6 504 Haizeeki

Unywele acha, hiyo si yenyewe.

#7 Mama Dumu

Samahani naingilia, mimi si fundi, nauza mawese na gari yangu ni pikapu ya zamani ya Datsun. Kaka, petroli unanunua wapi? Mimi yangu ilizima kila siku wiki nzima baada ya kutoka kijijini ambako niliishiwa mafuta nikawekewa kutoka kwenye dumu. Fundi alipofungua kabureta alikuta chini ya bakuli kuna ute wa rangi ya chungwa. Ile dumu ilikuwa ya mawese! Petroli inayeyusha yale mabaki, inayabeba mpaka kwenye kabureta, ikikauka inayaacha pale kwenye vitundu. Nilijicheka mwenyewe, mawese yangu yamenifuata.

#8 Baba Spana

Dada umenifurahisha, na si mchezo hilo. Vitundu vya jeti (vile vinavyopima mafuta ndani ya kabureta) ni vyembamba, ute kidogo tu unatosha. Kwa Mjukuu lakini dalili ni kinyume: jeti ikiziba mafuta yanapungua na plagi inakuwa nyeupe, si masizi. Ila wengine msome hapo.

Na nikiwa hapo hapo: fundi akitia waya wa chuma kwenye jeti mnyang'anye. Jeti ni shaba laini na kitundu chake kimepimwa, ukikikwaruza kimepanuka, hakirudi. Nyie Kigoma mna nailoni ya mshipi kila duka. Kata kipande, pitisha, kisha upepo wa kompresa. Imetosha.

#9 Kobe wa Isevya

Baba Spana tuko mji mmoja, nitakutafuta. Mimi nina Volkswagen ya kobe, kabureta Solex 34 PICT-3. Yangu ilikuwa ikizima kwenye sailensi, nimebadilisha kila kitu, kumbe ni kile kikoili kilichofungwa ubavuni mwa kabureta kinachokata mafuta ya sailensi ukizima swichi. Kimekufa, au waya wake umechomoka, njia ya sailensi inabaki imefungwa daima. Kukipima ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, washa swichi, chomoa waya na uuchomeke, usikie "tik". Kimya, basi ni kibovu. Mjukuu yako inacho?

#10 Mjukuu wa Ujiji

Sina kitu cha waya kwenye kabureta mkuu, nimeangalia pande zote.

#11 Msomi wa Hewa

Mimi naona mnasahau jiografia. Kigoma iko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi, mafuta yanazidi. Kabureta zimepimwa Uingereza usawa wa bahari. Anatakiwa abadilishe jeti kuu.

#12 Baba Spana

Kanuni yako ni ya kweli, kipimo ndicho si chake. Tabora tuko kama mita 1,200, na Zenith za namna hiyo zilitembea hapa miaka na miaka na jeti zao za kiwandani, zinasimama kwenye taa na kunguruma polepole. Mwinuko wa mita 800 unapunguza nguvu kidogo, hauzimi injini njia panda. Tena jeti kuu haihusiki na sailensi, ina jeti yake ndogo. Tusimnunulishe mtoto wa watu vitu.

Mjukuu, tuwinde hewa sasa. Ukaguzi wa kwanza: ule mpira mdogo unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye kifuko cha distribyuta. Uchomoe upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo, kisha uzibe kwa ulimi. Ukishika ulimi na kubaki, kifuko ni kizima. Ukilegea, kidaframu kimetoboka. Wa pili: umesema breki ngumu ukaahirisha. Usiahirishe! 109 yenye servo, kisaidizi cha breki, inavuta upepo wa breki kutoka kwenye manifodi ya kuingiza, bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda. Servo ikipasuka au mpira wake ukichanika, una shimo kwenye manifodi. Washa injini, bana ule mpira mnene wa servo kwa koleo lenye kitambaa, usikilize.

#13 504 Haizeeki

Naongeza onyo. Kuna mafundi wanatafuta uvujaji wa hewa kwa kumwagia petroli kwenye maungio wakisikiliza injini ikipanda. Kwenye Land Rover hiyo manifodi ya kuingiza imekaa juu ya ile ya ekzosi, zimefungwa pamoja upande mmoja. Unamwagia petroli juu ya chuma cha moto. Jirani yangu alibaki bila nyusi. Tumia maji kwenye chupa ya kupulizia dawa, sauti ya injini itabadilika vile vile.

#14 Mjukuu wa Ujiji

Wakuu nimechanganyikiwa.

Kifuko cha distribyuta kizima, ulimi ulishika. Maji kwenye maungio ya manifodi hakuna mabadiliko. Mpira wa servo ndio balaa: upande wa chini, usiouona, umepasuka urefu wa kidole. Nikasema nimeshinda. Nikaubana kwa koleo... injini ikazidi kuwa nzito, ekzosi ikatoa moshi mweusi, ikazima! Nikiachia inangurumia vibaya lakini inanguruma. Sasa nimetafuta mpira mpya nimefunga, breki imekuwa laini kama ya gari ya kisasa, lakini sailensi hakuna kabisa. Nimeharibu?

#15 Tanuru

3L haina mpira huo. Nasema tu.

#16 Baba Spana

Hujaharibu, umefichua. Hapo ndipo nilipotaka ufike.

Ulikuwa na makosa mawili yanayofichana. Kabureta inamwaga mafuta yasiyoombwa, na mpira uliopasuka unaingiza hewa isiyoombwa. Vikikutana vinakaribiana na mchanganyiko unaowaka, vibaya lakini unawaka. Umeziba hewa, mafuta yamebaki peke yake, injini imezama. Mafundi wako walikuwa wakizungusha skrubu kusuluhisha ugomvi wa watu wawili ambao hawakuwaona.

Sasa ndiyo unaruhusiwa kufungua kabureta. Zenith 36 IV ina ugonjwa wake unaojulikana. Chini ya mfuniko wa juu kuna kibloku kinachobeba jeti. Kinatakiwa kilale bapa kabisa dhidi ya mfuniko, na gasketi katikati, kwa sababu njia nyembamba za mafuta na hewa za sailensi zinapita kwenye ungio hilo. Mfuniko ni aloi laini. Joto la miaka, na mafundi wanaokaza skrubu kama wanafunga gurudumu, vinaupinda. Ukipinda, mafuta yanavuka kutoka njia moja kwenda nyingine, skrubu yako ya hewa inakuwa pambo.

Utoe mfuniko, utoe kibloku, safisha gasketi ya zamani yote. Weka rula ya chuma ubavu juu ya uso wa mfuniko, uelekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga katikati, umepinda. Dawa yake ni kioo cha dirisha, kipande cha msasa laini wa maji kimelazwa juu, matone ya mafuta ya taa, na subira. Sugua kwa mwendo wa namba nane bila kukandamiza, mpaka uso wote uwe na rangi moja. Usitumie jiwe la kusaga, nitakuja Kigoma kwa treni nikuchape.

Tafuta pia oringi (pete ya mpira) nyembamba kati ya kibloku na koo la kabureta. Kama haipo au imekauka, mafuta yanavutwa moja kwa moja kooni. Oringi iwe ya kuvumilia petroli. Ya kawaida inavimba kama maandazi. Na ukiwa ndani, tikisa floti (boya la kabureta) sikioni. Ukisikia mafuta ndani yake, imetoboka.

Usisahau chujio la hewa. Hilo ni la kuogesha hewa kwenye oili. Kwa vumbi letu, oili ile inageuka tope, hewa inakosa njia, mafuta yanazidi tena. Mwaga, osha, weka mpya mpaka alama, isipite.

#17 Kobe wa Isevya

Mzee kwa nini hukufungua darasa? Naja na kobe langu Jumamosi na kilo ya asali.

#18 Mjukuu wa Ujiji

Nimerudi, wiki mbili baadaye. Seti ya gasketi na oringi ilitoka Dar kwa basi, bei haikufika hata robo ya kabureta.

Niliyoyakuta: mfuniko umepinda, mwanga wa rula ulipita kama mlango usiofungwa. Oringi haipo kabisa. Mahali pake fundi wa kwanza alipaka silikoni nyekundu, na petroli imeishaigeuza uji, vipande vingine vilikuwa chini ya bakuli. Ndiyo maana baada ya yeye kuosha ikazidi. Floti nzima, haina kitu ndani. Chujio la hewa lilikuwa na tope la kutosha kupanda mpunga.

Nimesugua kwenye kioo jioni tatu. Shangazi aliuliza kama nimeanza kuchora. Jeti nimepitisha nailoni ya mshipi. Nimefunga skrubu kwa kukaza kidogo kidogo kwa mzunguko, si moja mpaka mwisho.

Asubuhi ya kwanza imegoma kuwaka! Nikaogopa. Halafu nikakumbuka choki. Nikavuta, ikawaka papo hapo. Wakuu, tangu niipate hii gari ni mara ya kwanza choki imekuwa na kazi.

Sasa mzee naomba hatua ya mwisho ya skrubu, sitaki kukosea.

#19 Baba Spana

Hiyo choki ndiyo imenipa usingizi.

Gari litembee kwanza lipate moto wa kweli, si dakika tano uani. Choki iwe imerudi yote. Skrubu ya hewa: ikaze polepole mpaka iguse, usiibane, ncha yake ni laini, kisha fungua raundi moja na nusu, ndipo pa kuanzia. Skrubu ya sailensi irudishe mpaka injini inguruma chini kidogo kuliko unavyopenda. Sasa rudi kwenye ya hewa, robo raundi kila mara, subiri isikie kabla ya kuendelea. Itapanda, itafika kilele, kisha itaanza kushuka na kuwa kama inasinzia. Rudi kwenye kilele, halafu kaza kidogo mno kutoka hapo. Ikiwa imepanda sana, punguza ile ya sailensi, urudie tena. Mara mbili tatu vinakutana. Ukiigusa ikabadilika, ujue kabureta ni nzima.

#20 Mama Dumu

Kaka tuletee habari, nimefuatilia huu uzi kuliko tamthilia.

#21 Mjukuu wa Ujiji

Inajibu! Robo raundi tu unaisikia. Imetua karibu raundi moja na robo. Niliweka glasi ya maji juu ya bawa la mbele, maji yanatetemeka lakini hayamwagiki.

Jana nimeenda Uvinza na kurudi. Niliporudi, gari ikiwa na moto wote, nikasimama njia panda ya Mwanga makusudi, nikatoa mguu kabisa. Ikakaa. Bajaji ikapiga honi vile vile, lakini hiyo ni tabia yao.

Plagi nimezitoa leo: ya 1, 2 na 4 kahawia hafifu kama ngozi ya muhogo mkavu. Ya 3 bado ina oili. Na hiyo nayo nianze kuifukuza?

#22 Baba Spana

Namba 3 iache kwanza. Injini iliyolala miaka sita pete zake zinaganda, nyingine huachia zenyewe zikitembea. Badilisha oili sasa na tena baada ya kilomita 1,000, kisha utoe plagi hiyo upige picha kwenye mwanga wa mchana, siyo kwa tochi ya simu. Kobe wa Isevya yuko hapa uani kwangu, asali nimepokea, kikoili chake kinasema "tik" lakini shafti ya kipepeo inacheza kama mlango wa choo. 504, zile bushi za shaba ulizochongesha, kipenyo kilikuwa ngapi?